Dawa za Kichina na mashine mpya: tuzipime kwa mizani ya Kisian

Shangazi yangu alipewa fimbo ya chuma, fupi kama betri mbili za tochi zilizounganishwa, akaambiwa aifumbate na atulie asizungumze. Tulikuwa ghorofa ya pili ya jumba moja katikati ya mji wa Kisumu, katika chumba chenye mapazia meupe na mchoro wa mwili wa binadamu uliojaa mistari myekundu na maandishi ya Kichina. Kijana aliyevaa koti jeupe aliandika kwenye kompyuta umri wake, urefu na uzito. Dakika moja hivi ikapita, printa ikaanza kutoa karatasi. Ini limechoka. Figo zimeanza kulegea. Damu ni nzito. Mifupa imepungukiwa na madini. Karatasi ya mwisho ilikuwa orodha ya chupa sita za kununua, jumla yake shilingi 14,500.

Niliomba nipimwe nami, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilitaja umri wangu wa kweli, mara ya pili nikajiongezea miaka ishirini. Kiti kilikuwa kilekile na mkono uleule, lakini karatasi ya pili ilinipa moyo wa mzee na mifupa inayokwisha. Mashine ilikuwa imeusoma umri niliotaja. Mwili wangu haikuusoma.

Shangazi hata hivyo alishuka ngazi akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa muda mrefu, na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuandika. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alipanga foleni katika hospitali moja ya umma tangu saa moja asubuhi. Alimwona daktari saa nane mchana, akaandikiwa vidonge vya presha na dawa ya maumivu, basi. Magoti yaliyomtoa nyumbani Ahero hayakuguswa. Kule ghorofani alipewa maji ya uvuguvugu, akaulizwa analala vipi, anakula nini, nani anamsaidia kuchota maji, na kila swali lilianza na neno Mama. Simlaumu yule daktari peke yake, maana wagonjwa walikuwa wamejaa hadi varandani. Lakini mtu anayewacheka wanaofuata tiba za Kichina, sidhani kama amewahi kuikalia ile benchi.

Tena Kisumu haijawahi kukataa tiba kwa sababu imetoka mbali. Hospitali yetu kuu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga, wengi bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Na vidonge vya malaria vya AL, mseto wa artemetha na lumefantrini, vile 24 anavyomeza mtu mzima vinne vinne asubuhi na jioni kwa siku tatu, asili yake ni China. Ndani yake mna artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini hutoka kwenye mmea wa artemisia ambao Wachina huuita qinghao. Kenya iliuchagua mseto huo mwaka 2004, baada ya klorokwini na kisha Fansidar kuzidiwa na vimelea. Kwa hiyo nyumba nyingi za Nyanza na Magharibi zimekuwa zikimeza dawa ya Kichina kwa karibu miaka ishirini bila kuiita hivyo.

Historia ya dawa hiyo hutajwa na pande zote mbili za mjadala, na kila upande huchukua nusu yake. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523 kwa sababu ulianza Mei 23. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, akakabidhiwa kikundi. Walikusanya maagizo ya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa matabibu wa jadi, wakayachuja yakabaki kama 640, wakajaribu dondoo, yaani dawa zilizokamuliwa, zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Qinghao ilionyesha dalili nzuri mara moja, halafu ikashindwa. Tu Youyou akarudi vitabuni. Katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuta agizo fupi: chukua konzi ya qinghao, iloweke katika maji, ikamue, unywe maji yake yote. Ge Hong hakusema ichemshwe. Huenda basi moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Wakaanza kuikamua kwa kimiminika kiitwacho etha, kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata, kabla mgonjwa yeyote hajapewa, Tu Youyou na wenzake waliinywa wao kwanza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Anayetetea tiba za jadi ana haki kusema kwamba bila kitabu cha miaka 1,600, maabara ingeendelea kuchemsha majani na kuyatupa. Maarifa yalikuwepo na yaliandikwa na mtu aliyewaangalia wagonjwa kwa makini. Wa maabara naye ana haki kuuliza habari za yale maagizo mengine. Mamia yalijaribiwa yakaonekana hayafai kwa malaria, ingawa nayo yalitoka katika vitabu vyenye heshima ileile. Kijana wa ghorofani alimtaja Tu Youyou mara tatu. Zile dondoo nyingine hakuzigusia.

Tiba ya sindano, akupancha, inanipa kazi zaidi. Ujerumani ilifanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, likiwa na wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Kundi moja lilidungwa sindano mahali panapotajwa na mafundisho ya Kichina, kundi la pili likadungwa juujuu mahali pasipotajwa kabisa, la tatu likapata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu, la pili asilimia 44.2, la tatu asilimia 27.4. Mpenzi wa sindano ataona kwamba zimeishinda hospitali kwa mbali. Mwenye shaka ataona kwamba ile ramani ya mistari myekundu ukutani haikuongeza cha maana, kwani waliodungwa ovyo walikaribia kupona sawa na wengine. Nimezizungusha takwimu hizi kichwani mara nyingi, na naziona zote mbili ni kweli. Mgonjwa alilazwa kitandani, akaguswa, akaamini, akatulia, na mgongo ukalegea. Mtu mwenye maumivu ya miaka kumi akipata nafuu hiyo kwa sindano safi na kwa bei ya haki, simzuii. Nitamzuia akiambiwa sindano hizo zitaondoa kisukari au saratani.

Madhara nayo yapo, wala neno «asilia» halimlindi mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya Brussels, Ubelgiji, walianza kufeli figo. Vidonge vyao vilipaswa kuwa na mmea uitwao fang ji. Badala yake uliingizwa mwingine wenye jina linalokaribiana, guang fang ji, ulio na sumu ya asidi ya aristoloki. Zaidi ya wanawake mia moja waliumia, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina mawili yanayofanana yalitosha. Aliyewahi kumpeleka mzazi wake kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mizani yenyewe haiko mbali. Ukishika barabara ya Busia kutoka Kisumu unafika Kisian, kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI. Watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioshiriki jaribio la chanjo ya malaria, RTS,S, lililoanza mwaka 2009. Matokeo yalipotoka, watafiti walitangaza kwamba watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, walipungukiwa na visa vya malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Thelathini na sita tu, baada ya kazi na fedha zote hizo! Wakaongeza kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo isisambazwe kila mahali kabla ya kuchunguzwa tena. Ndipo majaribio mapana yakaanza mwaka 2019, hapa kwetu yakizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Akina mama wa Siaya waliotembelewa nyumba kwa nyumba, watoto wao wakitolewa damu, walijibu maswali kwa miaka. Wanajua utafiti ni kazi gani. Ndiyo maana nasononeka kuona chupa zinazoahidi kuponya magonjwa arobaini zikiingia mji huohuo bila kuulizwa swali hata moja kati ya yale waliyoulizwa watu wa chanjo.

Kuna hoja moja ya upande wa mitishamba ambayo siwezi kuipuuza. Jaribio kubwa hugharimu mamilioni ya dola, na kampuni haiwezi kujipatia hataza, yaani haki ya kuuza peke yake, ya majani yanayojulikana tangu zamani. Nani basi atalipia? Mmea unaweza kukaa karne nzima bila ushahidi kwa sababu tu hakuna anayetarajia faida, huku unasaidia watu kila siku. Hoja hiyo naikubali. Lakini kabla ya swali kubwa la kama dawa inaponya, yapo maswali madogo ya bei nafuu: je, kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo? Ndani yake mna sumu? Mmechanganywa dawa ya hospitali kwa siri? Vidonge vya «mitishamba» vya maumivu ya viungo vimekutwa mara nyingi, katika nchi nyingi, vikiwa na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, na vile vya nguvu za kiume vikiwa na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Mgonjwa husifu mizizi, kumbe aliyefanya kazi ni kemikali ambayo hakuambiwa. Teknolojia mpya ninayoitamani ni mashine za kutenganisha kemikali moja baada ya nyingine na kuonyesha kilichomo ndani ya kapsuli. Kaunti zetu zingeweza kuchukua chupa kumi kumi kutoka madukani na sokoni Kibuye, zikazipeleka kwenye maabara yenye mashine hizo, na majibu yakasomwa redioni kwa Kiswahili na Kijaluo.

Kwamba njia hiyo inapitika, Kakamega imeshaonyesha. Wakulima wa Muliru, kando ya msitu, walishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe juu ya mmea wa mwonyi, ambao wazee waliutumia kwa mafua na kufukuzia mbu. Waliulima mashambani badala ya kuumaliza msituni, wakakamua mafuta yake, na ikapatikana dawa ya kupaka, Naturub, iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Nimesikia pia watu wakisema tuachane na vidonge, tunywe chai ya artemisia iliyopandwa nyuma ya nyumba. Naelewa utamu wa wazo hilo, hasa pale zahanati inapokuwa haina AL. Lakini kiasi cha artemisinini kwenye kikombe hubadilika kutoka jani hadi jani, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo. Dozi pungufu huacha vimelea vilivyo sugu vikiwa hai. Uganda na Rwanda tayari zimepatikana na vimelea vyenye mabadiliko yanayoidhoofisha artemisinini, na matatu zinavuka Busia na Malaba kila saa. Dawa hii tukiipoteza, sina hakika tunayo nyingine ya kuiweka mahali pake kwa haraka.

Shangazi alinunua chupa tatu kwa pesa za chama. Kijana alimshauri apumzishe vidonge vya presha ili mwili «usafike», naye akatii. Mwezi mmoja baadaye kipimo katika zahanati ya jirani kilisoma 190 juu ya 110. Alikuwa na bahati kwamba muuguzi wa zamu alikuwa na subira. Alimuuliza, bila kupandisha sauti, «Mama, kuna kitu kingine unachotumia nyumbani?» Shangazi alinitazama kwanza, kisha akatoa mfuko wa plastiki kwenye kikapu. Hospitalini hakuwahi kuulizwa swali hilo, naye hakuthubutu kulisema mwenyewe.

Muuguzi alisoma maandishi ya kila chupa kwa taratibu. Kwenye chupa ya pili alisimama kwenye gan cao, mzizi mtamu uitwao likorisi, ambao umo katika dawa nyingi sana za Kichina na ambao ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Hakuitupa chupa wala hakumgombeza. Alichukua kadi ya kliniki, na chini ya jina la kidonge cha presha akaandika: «Gan cao, asitumie. Chai ya tangawizi, sawa.» Kisha akainama akamshika goti, akamwomba alikunje na kulinyoosha, akamwonyesha zoezi la kufanya akiwa ameketi kitandani kila asubuhi.

Kliniki iliyofuata shangazi alienda peke yake. Ndani ya kikapu, pamoja na kadi, alibeba karatasi ya tangazo la plasta za Kichina za maumivu ya viungo, ili muuguzi amsomee kilichomo kabla hajanunua.