Patrick wa London na Ojwang' wa Nairobi

Jioni saa moja na nusu, katika makao ya wazee ninakofanya kazi mashariki mwa London, viti vya sebuleni hugeuzwa kuelekea runinga, na bibi mmoja mzaliwa wa Jamaika, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akitafuna, huinua kidole kutunyamazisha sote mara tu mzee mwenye kofia anapotokea. Mzee huyo ni Patrick Trueman wa tamthilia ya EastEnders. Anayemwigiza ni Rudolph Walker, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1939, aliyeipata nafasi hiyo mwaka 2001 na kuzeekea ndani yake huku nchi nzima ikimtazama. Kila nikimwona humkumbuka mchekeshaji Benson Wanjau, ambaye sisi tuliokulia Kenya tulimjua kwa jina moja tu, Mzee Ojwang'.

Walker alifika Uingereza mwaka 1960, kijana aliyekwisha kuonja jukwaa katika kikundi cha maigizo cha mshairi na mwandishi wa tamthilia Derek Walcott huko kwao. Wakati huo mwenye nyumba aliweza kumfungia mlango mpangaji kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria yoyote. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi ilipitishwa mwaka 1965, na hata hiyo haikugusa masuala ya nyumba mpaka mwaka 1968. Jina lake lilienea kupitia Love Thy Neighbour, vichekesho vilivyorushwa na kituo cha runinga cha ITV kati ya mwaka 1972 na 1976, ambamo aliigiza Bill Reynolds, mtu mweusi anayehamia jirani na Mzungu asiyetaka hata kumwona. Mzungu anatukana, Bill anamrudishia, na watazamaji wanacheka. Nilijaribu kutazama sehemu moja nikaizima kabla ya kufika katikati. Hata hivyo Walker mwenyewe amekuwa akiitetea kazi hiyo kwa hoja kwamba Bill hakuwa mnyonge, na mimi simlaumu, kwa sababu anayefika nchi hii bila mjomba wala shangazi hachagui mlango wa kuingilia. Kazi niliyoanza nayo hapa sijawahi kuitaja nikipiga simu nyumbani.

Ninachokionea wivu kwa kweli kimo katika EastEnders yenyewe. Rafiki wa Patrick katika tamthilia hiyo alikuwa Jim Branning, mzee wa Kizungu aliyeingia mtaani na chuki zake za rangi na ambaye polepole akawa mwenzi wake wa kunywa na kutaniana. Aliyemwigiza Jim, John Bardon, alipatwa na kiharusi mwaka 2007, kiharusi cha kweli, si cha kuigiza. Waandishi hawakumfuta. Walimwandikia Jim kiharusi vilevile, na Bardon akarudi mbele ya kamera, maneno yakimtoka kwa shida, akaendelea kuonekana mara kwa mara mpaka mwaka 2011. Mwaka 2014 wakampa Patrick naye kiharusi katika hadithi, na tukaonyeshwa Denise, aliye kama binti kwake, akichoka kumhudumia na kuona haya kwa kuchoka kwake. Usiku ule nilikuwa nimetoka kumgeuza mgonjwa wangu kitandani, na kwa mara ya kwanza niliiona kazi yangu ikitendewa haki kwenye runinga.

Nyuma ya hadithi hizo kuna mikataba. Waigizaji wa Uingereza wana chama chao, Equity, kilichoanzishwa mwaka 1930, ambacho hujadiliana na watangazaji kuhusu ujira, na pia kuhusu malipo ya kazi inaporudiwa hewani.

Mzee Ojwang' alituchekesha katika kipindi cha Vitimbi tangu zama za VoK, shirika la utangazaji la taifa, mpaka lilipoitwa KBC, akizozana na Mama Kayai, mkewe katika mchezo, kwa lafudhi ya Kijaluo iliyokolea kiasi kwamba wengi walishangaa kusikia kuwa yeye ni Mkikuyu. Macho yake yalipodhoofika aliacha kuigiza, na Wakenya wakamchangia. Nami nilituma changu kidogo kwa simu kutoka huku, nikajisikia vizuri kwa muda wa dakika kumi, kisha nikaona aibu. Mchango humfaa mtu siku ya msiba au ya harusi. Mtu aliyefanya kazi miongo mizima alistahili kiinua mgongo, na ilikuwa rahisi kabisa kumwandikia Ojwang' aliyepoteza macho, akaendelea kumkosoa Mama Kayai akiwa ameketi kitini. Alifariki Julai 2015.

Lakini hakuna aliyewahi kumwita Benson. Kuanzia mtoto wa shule mpaka mkuu wa nchi, alikuwa Mzee. Huku, vijana wa Albert Square, mtaa wa EastEnders, humwita mzee wa zaidi ya miaka 80 «Patrick» kana kwamba walinyonya pamoja, nami nilipoajiriwa nilielekezwa niwaite wakazi wetu kwa majina yao ya kwanza. Ulimi ulinikatalia. Yule bibi wa Jamaika namwita Mama, na msimamizi wangu amekata tamaa ya kunirekebisha.

Wiki iliyopita Mama aliniuliza kama kwetu tuna Patrick wetu. Nikamtolea simu, nikamwonyesha kipande cha Vitimbi. Hakuelewa hata neno moja, lakini Ojwang' alipotoa macho kwa mshangao alicheka mpaka nikamshikia kikombe chake cha chai. Akauliza kama bado anaigiza. Nikamwambia amefariki. Akauliza kama aliigiza mpaka mwisho, nami nikaanza kumweleza habari ya macho, lakini ngoma za EastEnders zikalia, akainua kidole.