ADHD haiishii kwenye kubalehe
Makala niliyosoma yasema ADHD (hali ya kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka) ni mambo ya watoto, eti mtu akishabalehe hutulia mwenyewe. Kwa wengi si hivyo. Mimi ni tabibu hapa Malindi na hao waliotulia nawaona: dereva wa tuktuk anayeacha ufunguo ukining'inia, anaanza hili hajamaliza lile, akikaa kwenye benchi goti halikomi kucheza. Zile mbio za utotoni zimegeuka wahaka wa ndani, ndiyo maana zatupita. Nyumbani wasema ana jini, au ni mugokaa, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa (na mugokaa wavuruga usingizi kweli, lazima uuliziwe). DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, wataka angalau dalili 5 za kundi moja (kukosa umakini, au kutotulia na kukurupuka) kwa aliyefika miaka 17, si 6 kama mtoto, na kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Basi mwite mama yake, omba ripoti za shule. Lakini mafunzo yetu ya kuhuisha leseni ni malaria, presha na sukari, kila mara. Wenzangu wa Lamu, nyinyi mmewahi kufunzwa kumhoji mtu mzima?