Kabla ya Kuilaumu Shampuu, Hesabu Miezi Mitatu Nyuma

Asubuhi hiyo maji ya kuoga yalikuwa yamenifika vifundoni, hayataki kwenda. Nikainama, nikaingiza vidole kwenye tundu la bafu, nikavuta. Likatoka donge la nywele la kujaza kiganja, zangu zote. Nikabaki nimesimama nalo, taulo begani, nikaanza kazi tunayoijua sote: kutafuta mchawi.

Sikuchelewa kumpata. Nilikuwa nimebadilisha shampuu wiki mbili kabla, basi nikaitupa. Nywele zikaendelea kudondoka. Nikamgeukia msusi, nikayageukia maji, nikaugeukia mto wa kulalia. Mto, jamani! Kila kilichogusa kichwa changu mwezi ule kilipandishwa kizimbani. Ambacho sikukiita hata kidogo ni homa ya mapafu iliyokuwa imenilaza kitandani miezi mitatu nyuma, kwa kuwa nilishapona na nilishaisahau.

Tangu hapo nina ugomvi na namna tunavyoizungumzia habari hii ya nywele kunyonyoka. Tunamkamata aliyekutwa karibu na tukio. Nywele nazo ni shahidi mchelewaji, leo zinakusimulia yaliyotokea msimu uliopita.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila moja ina ratiba yake. Huota kwa miaka kadhaa, kati ya 2 na 6 kwa wengi wetu, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa mwezi. Kisha hufunga kazi ndani ya wiki mbili tatu. Halafu hupumzika kama miezi mitatu, imekaa tu kwenye kishimo chake, haikui wala haidondoki. Mapumziko yakiisha inaachia, na nyingine inachipua pale pale. Kwa kawaida, kama 1 katika kila 10 ndiyo iko mapumzikoni. Sasa piga hesabu: nywele 10,000 ziko mapumzikoni, kila moja inakaa humo siku 100 hivi, kwa hiyo nywele kama 100 zinakuaga kila siku na hakuna ubaya wowote uliotokea. Anayezikuta chache kwenye chanuo kila asubuhi hana ugonjwa, ana kichwa.

Mwili ukipata mshituko mkubwa hufanya kile ambacho familia yoyote hufanya pesa zikikata: husitisha matumizi yasiyo ya lazima. Nywele hazisukumi damu wala hazichuji mkojo, kwa hiyo ndizo za kwanza kuambiwa zisubiri. Nyingi zilizokuwa zikiota husukumwa mapumzikoni kwa pamoja. Zikiwa 3 katika kila 10 badala ya 1, hesabu ile ile inakupa nywele 300 kwa siku. Ila hazitoki siku ya mshituko. Zinamaliza kwanza miezi yao miwili au mitatu, ndipo zinaachia kwa mkupuo, wakati wewe umeshapona, umerudi kazini, na umenunua shampuu mpya.

Ndiyo maana mtu akiniambia nywele zinamtoka, simuulizi anapaka nini. Namuuliza alikuwa na hali gani miezi mitatu iliyopita. Uliugua homa kali? Ulifanyiwa upasuaji? Ulijifungua? Ulijinyima chakula ukapungua kilo nyingi kwa haraka? Uliacha vidonge vya uzazi wa mpango, au ulianzishiwa dawa mpya? Baada ya Uviko wengi walipitia haya haya, wakadhani virusi vimeng'ang'ania kichwani, kumbe ilikuwa ni ratiba inajilipa. Kwa waliojifungua kuna na jingine: homoni za ujauzito huzichelewesha nywele kwenda mapumzikoni, ndiyo maana mjamzito huonekana na nywele tele. Mtoto akishazaliwa homoni hushuka, na zile zilizocheleweshwa huondoka pamoja na za zamu yake. Mama anakuta mashuka yamejaa nywele, anaambiwa mtoto ndiye anayezinyonya. Mtoto wa watu hana hatia. Kunyonyoka kwa aina hii mara nyingi hutulia kwenyewe ndani ya miezi sita hivi.

Na hapa niseme jambo linalonikera. "Punguza mawazo." Daktari mmoja aliniambia hivyo hata kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, na wala hakukitazama kichwa. Pigo zito, msiba kwa mfano, linaweza kabisa kuzisukuma nywele mapumzikoni. Lakini mawazo ya kila siku yamegeuzwa gunia la kutupia kila kisichochunguzwa, hasa mgonjwa akiwa mwanamke. Mtu anarudi nyumbani na nywele zile zile zinazotoka, sasa amebebeshwa na lawama kwamba anajiletea mwenyewe.

Swali la pili ninalouliza linahusu unywele wenyewe. Umenyonyoka au umekatika? Tunayatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uweke juu ya karatasi, uvutie karibu na mwanga. Tazama ncha zote mbili. Ukiona upande mmoja kifundo kidogo cheupe, kama kichwa cha pini, huo umetoka na shina lake baada ya kumaliza mapumziko. Watu wengi wakikiona kifundo hicho wanaingiwa na hofu, wanadhani mzizi ndio umeng'oka na hapaoti tena kitu. Sivyo. Sehemu inayootesha imebaki ndani ya ngozi. Ukikosa kifundo, ukaona kipande kifupi chenye ncha iliyochanika-chanika, huo umekatika njiani. Ni kwenye kesi hii ya pili ambapo dawa ya kulainisha, pasi ya moto, rangi na chanuo la hasira wanapaswa kujieleza. Mtu mwenye nywele zinazokatika anakunywa vidonge vya kuotesha, na mwenye nywele zinazonyonyoka anapaka mafuta ya kuzuia kukatika. Wote wawili wanalalamika kwamba dawa hazifai.

Upara wa kurithi nao una kesi yake, na haufuati ile hesabu ya miezi mitatu. Wenyewe hauna haraka. Hakuna donge bafuni wala nywele kwenye mto wa kulalia. Kila unywele mpya unaoota ni mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi unabaki malaika tu. Kwa wanaume huanzia panjani na utosini. Kwa wanawake mstari wa kugawia nywele huwa unapanuka taratibu huku ukingo wa mbele ukibaki. Kinachofanya kazi hiyo ni homoni ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, inayoitwa DHT kwa kifupi, ikikutana na vishimo vya nywele vilivyozaliwa na wepesi wa kudhurika nayo. Tangu enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, watu walishaona kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha jambo hilo kwa ushahidi: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao, lakini walipopewa testosteroni, wale ambao koo zao zilikuwa na upara walianza kuota upara. Walihitajika wawili hao kwa pamoja, homoni na damu ya ukoo.

Wanaosema "mtazame mjomba wako" wana nusu ya ukweli, maana jeni moja muhimu katika hili imekaa kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama. Ila ziko nyingine nyingi, na za upande wa baba zimo. Mjomba aachwe apumzike kidogo. Kofia pia iachwe, haina kosa. Na kunyoa hakuzifanyi nywele zirudi nene. Wembe haufiki mahali zinapotengenezwa.

Hadi hapa unaweza kudhani nimekuwa wakili wa saluni. Hapana. Kuna kosa moja ambalo mkono wa binadamu hauwezi kulikana, nalo ni kuvuta. Msuko unaobana, rasta nzito kwenye nywele changa, wigi la kushonea, mkia wa farasi unaovutwa mpaka macho yanapanda. Mwaka 1907 tayari kulikuwa na maandishi ya daktari kuhusu wanawake wa Greenland, kisiwa cha baridi kali huko kaskazini, waliopoteza nywele za ukingoni kwa sababu ya kuzifunga kwa kuzibana. Kwa hiyo si suala la aina ya nywele. Ni nguvu na muda. Dalili zake zinasomeka: vipele vidogo kwenye ukingo siku ya pili, kichwa kinachouma hata kukunja uso hukunji, kidonge cha maumivu kabla ya kulala. Baadaye, ukijitazama kwenye kioo kwa pembeni, unaona mstari wa malaika umebaki mbele kabisa, na nyuma yake kuna ukanda mtupu. Tumelelewa na ile ya ukitaka uzuri sharti udhurike, basi tunavumilia. "Vumilia kidogo dada, zitalegea zenyewe," ndivyo msusi wangu alivyokuwa akisema, na mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa ambacho hakikuweza kuinama. Ukiacha mapema zinarudi. Mvuto ukiendelea miaka, vishimo vinageuka kovu, na kovu halioti nywele.

Kovu ndilo neno la kuliogopa katika mambo haya yote. Upo ugonjwa wa kovu unaoanzia utosini na kupanuka kama duara, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika. Mwaka 1968 madaktari walioueleza walikilaumu chanuo cha moto, wakaupa na jina lake. Lilikuwa kosa lile lile la kumkamata aliyekutwa karibu, maana wapo waliougua bila kuwahi kukishika chanuo hicho. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuuunda unywele. Sisemi joto na kemikali vimesafishwa. Nasema kwa miongo mingi mwanamke aliambiwa amejiharibu mwenyewe, na kisa kizima hakikuwa hicho. Utosi ukiwasha, ukichoma, ukiuma ukiguswa, au ngozi yake ikianza kuwa laini na kung'aa bila vitundu, usingoje mwezi wa pili. Mtafute daktari wa ngozi, maana kinachookolewa hapo ni zile nywele ambazo bado zipo.

Mengine nayataja kwa kupita. Mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi huenda ana mapunye, na hayo ni fangasi. Kupaka peke yake hakutoshi, anahitaji dawa ya kumeza. Duara laini tupu lililotokea ghafla, bila magamba wala maumivu, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele, na mara nyingi huota tena. Kaswende inaweza kuziacha nywele na mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya thairoidi ni vya kupimwa damu. Dawa za saratani hazifuati ile kanuni ya miezi mitatu, kwa sababu zinazipiga nywele zikiwa katikati ya kuota. Ndani ya wiki chache zimekwenda.

Nimesema kupimwa, na hapo nina neno na wauza vidonge vya bayotini, vitamini mojawapo ya kundi B. Mtu kuipungukiwa ni nadra, na kwa asiyepungukiwa ushahidi kwamba inaotesha nywele ni mwembamba. Hilo lingekuwa la mfukoni tu. Lakini mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba bayotini nyingi mwilini inaweza kupotosha majibu ya maabara, vikiwemo vipimo vya moyo. Vipimo vya thairoidi navyo huathirika. Kwa hiyo mtu anameza kidonge ili nywele zisitoke, kisha kidonge hicho hicho kinavuruga kipimo ambacho kingesema kwa nini zinatoka! Kama unakimeza, mwambie anayekutoa damu. Vitamini A nayo ikizidi hunyonyoa nywele, na imo kwenye baadhi ya vidonge hivyo hivyo vya "urembo".

Mimi nilivipima hivyo vya damu, vikatoka salama. Nikahesabu miezi, nikaikuta homa ya mapafu imekaa pale pale. Mwezi wa sita tangu lile donge, vinywele vifupi vilisimama wima kote kichwani, havitaki kulala hata kwa maji, nikawa kama niliyepigwa na umeme. Hivyo sasa vimerefuka na vimechanganyika na wenzao. Isipokuwa panjani, upande wa kushoto, pale rasta zilipokuwa zinaanzia kwa miaka tisa mfululizo. Hapo homa haikuhusika. Nikipitisha kidole kinateleza.