Kihisi cha Fotoni Moja na LED Ndogo Mno: Utafiti Uelekezwe Wapi?

Huko Scotland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao wa Strathclyde wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya vifaa viwili vinavyokamilishana: kihisi cha picha chenye uwezo wa kutambua fotoni moja, yaani chembe moja tu ya mwanga, na LED (diodi zinazotoa mwanga) ndogo mno ambazo upana wake hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Kimoja hupokea mwanga, kingine huutoa. Sokoni, hata hivyo, havikupata bahati sawa, na sababu zake zinafaa kutazamwa kabla ya kuamua fedha za utafiti ziende wapi.

Kihisi hicho ni diodi ya silikoni, kifaa ambacho kwa kawaida hupitisha umeme upande mmoja tu, iliyowekewa volteji ya kinyume kupita kiwango inachohimili, hivyo fotoni moja ikiigonga huzua maporomoko ya elektroni yanayohesabika papo hapo. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo anayepima muda wa fotoni kwenda na kurudi anapima umbali. Kampuni ya chipu ya STMicroelectronics ilianza na kazi hiyo kwa kiwango kidogo: vihisi vya umbali ndani ya simu, vilivyohitaji diodi chache tu. Kutoka hapo idadi ikapanda, hadi Canon ilipotangaza kihisi cha pikseli (nukta za picha) milioni 3.2 mwaka 2021. Kasoro zipo: diodi huhesabu fotoni zisizokuwepo hata gizani, na baada ya kila pigo hupumzika kidogo kabla ya kuona tena.

LED ndogo mno, ambazo watafiti Hongxing Jiang na Jingyu Lin walizionyesha Kansas, Marekani, mwaka 2000, zilisukumwa mapema kwenye skrini. Skrini ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8, na kila pikseli inataka LED tatu, nyekundu, kijani na bluu, jumla karibu milioni 25. Hata kama 9,999 katika kila 10,000 zitapachikwa salama, bado takriban 2,500 zitabaki mbovu, na jicho litaziona. Mwezi Februari 2024 ams Osram, kampuni ya taa na vihisi, ilitangaza kwamba mradi wake mkuu wa LED hizi umefutwa, ikalazimika kupima upya mkakati wake wa LED hizo.

Wanaotetea skrini husema kwamba bila soko kubwa mashine za kupachika LED hizo hazitashuka bei kamwe. Hoja hiyo ina uzito, kwani hata kihisi cha fotoni kilibebwa na soko la simu. Lakini simu haikudai mamilioni ya diodi zisizo na dosari siku ya kwanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo skrini ilipowapotosha wengi.

Ninaona tumaini kubwa zaidi pale vifaa hivi viwili vinapokutana katika upimaji wa mng'ao, yaani mwanga ambao tishu na rangi za kimaabara hurudisha zikimulikwa, ambapo LED huwaka kwa nanosekunde chache na kihisi hupima muda ambao mng'ao unachukua kufifia. LED nyekundu hupoteza ufanisi vibaya zinapopunguzwa, kwa sababu nishati huvujia kwenye kingo zake, na kwa skrini hilo ni pigo. Kazi ya mng'ao huhitaji zaidi mwanga wa bluu na urujuani, ambao LED za galiamu nitraidi (aina ya semikonda) huutoa vizuri, na safu ya LED mia chache inatosha kuanza nayo.