Panya Alikula Vigelegele

Bibi alinipigia Ijumaa baada ya swala.

"Fundi."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hivi kwenye huu mkanda wangu, nani huyo ananisengenya?"

Nikamwambia hakuna kitu kama hicho, tumeukagua wote mwanzo mpaka mwisho. Akasema basi njoo uukagulie kwangu. Akakata simu.

Turudi nyuma kidogo. Ilikuwa harusi ya mjukuu wake, niliyoirekodi mimi, hapa Tanga, mwaka 2013. Bwana harusi alitaka mradi ule ule mmoja utoke kwa aina nne: Blu-ray ya kaka yake aliyeko Muscat, DVD ya nyumbani, DVD ya shangazi yake Toronto, na VCD, yaani filamu kwenye CD ya kawaida, ya Bibi kule Pangani, ambaye deki yake ukiilisha DVD huizungusha, hukoroma, kisha huitema. Malipo nusu mwanzo, nusu wakishatazama.

Asiyeifanya kazi hii hudhani unabofya tu mara nne. Filamu ilikuwa na dakika 125. Blu-ray ya gigabaiti 25 haina shida, unamwaga megabiti 22 kwa sekunde na nafasi inabaki. DVD ndiyo bahili. Imeandikwa 4.7, kompyuta ikiisoma inakwambia 4.38 kwa kuwa inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Chukua biti zote za diski, gawanya kwa sekunde 7,500, unapata kama megabiti 5, na humo humo sauti nayo ile. Sauti nikaipa kilobiti 192, picha megabiti 4.6, kinachobaki ni cha menyu na cha usalama. Nimeona mafundi wanaoweka megabiti 8 ati kumheshimu mteja. Kwa 8 diski inajaa kwenye dakika ya 76 hivi, keki haijakatwa.

Ya Toronto ilitaka mradi wake wa menyu peke yake. Kule mfumo wa runinga ni NTSC, mistari 480 na fremu 29.97 kwa sekunde; sisi ni PAL, mistari 576 na fremu 25. Deki zetu nyingi hula vyote viwili, za kwao nyingi hukataa cha kwetu. Katika Encore, programu niliyotengenezea menyu, kiwango ulikichagua wakati wa kufungua mradi, hukuweza kukibadilisha njiani. Nikafungua wa pili, nikauleta uhariri ule ule, nikagonga ukuta mwingine: pete. Menyu yangu ilikuwa na pete ya ndoa, duara safi. Kwenye runinga pana ikawa yai. Pikseli za DVD si mraba, na mimi niliichora kwenye 720 kwa 576 kana kwamba ni mraba. Dawa yake ni kuchora kwenye 1,024 kwa 576, halafu uibane iingie 720. Runinga ikiitanua tena, yai linarudi pete. Nililala saa tisa usiku kwa sababu ya yai.

VCD niliifanya mwisho, kwa dharau kidogo, nakiri. MPEG-1, namna ya zamani ya kubana video, picha ya 352 kwa 288, kilobiti 1,150, sauti 224. MPEG-1 haijui mistari ya kupishana, ile inayochorwa nusu nusu kwa zamu, na 288 ni nusu kamili ya 576, kwa hiyo nusu ya mistari unaitupa unabaki na nusu. Picha inaonekana kama umeipiga ukiwa ndani ya chandarua. Diski moja hubeba dakika 80, nikaigawa mbili pale bwana harusi anapoinuka kwenda kumtoa mke, nikachoma kwa programu ya Nero kwa mwendo wa pole.

Nikazikagua zote kwenye runinga ya studio. Menyu inafunguka, sura zinarukika, mwisho inarudi kwenye menyu. Nikazigawa kifua mbele.

Sasa niko kwenye basi la Pangani, nimebeba deki ya akiba na nakala mpya za VCD, kichwani napanga watuhumiwa. Labda sauti ya VCD, ambayo ni sampuli 44,100 kwa sekunde wakati mradi mzima ni 48,000, imegeuzwa vibaya ikatoa mwangwi wa ajabu. Labda diski mbovu. Labda Bibi amezeeka. Hili la mwisho nashukuru sikulitamka.

Nilikuta watu kumi na kitu wameketi mkekani. Bibi akabonyeza rimoti mwenyewe. Kadhi anajaza cheti, bwana harusi kaketi mbele yake kwa adabu, kanzu nyeupe, kichwa chini. Nilivyokumbuka mimi, pale palikuwa na vigelegele tu na dufu kutoka uani, huwezi kusikia hata jina lako. Kwenye runinga ya Bibi palikuwa kimya. Vigelegele viko mbali, kama vya kijiji cha pili. Halafu, wazi, karibu, kama yuko mkekani na sisi, sauti ya bwana harusi ikimwambia mpambe wake:

"Harufu ya pilau hiyo. Omba Mungu asiwe jogoo wa Bibi. Yule jogoo kanikuta niko darasa la tano."

Na mpambe: "Nyamaza, kadhi anakuangalia."

Watu wakaangalia mkeka. Mimi nikaangalia nyuma ya runinga, maana huko ndiko fundi anakojificha. Ilikuwa runinga ya kichogo yenye tundu mbili, la njano la picha na jeupe la sauti. Waya wa njano uko mahali pake. Kwenye tundu jeupe umechomekwa waya mwekundu.

"Mweupe uko wapi, Bibi?"

"Katafuna panya."

Nikakaa chini hapo hapo kwenye sakafu. Kamera yangu inarekodi chaneli mbili. Ya kwanza ni maiki ya kamera yenyewe, nayo inakwenda kushoto: vigelegele, dufu, watoto. Ya pili ni maiki ya kola niliyombandika bwana harusi, inakwenda kulia: pumzi zake na siri zake. Wakati wa kuhariri unatakiwa uzitenganishe hizo mbili, kila moja uiweke katikati kwa kipimo chake, na ya kola uizime pale ambapo hakuna la kusikilizwa. Mimi niliziacha zilivyotoka kwenye kamera. Ukisikiliza zote mbili kwa pamoja, kushoto kunafunika kulia na mambo ni shwari. Sasa waya mweupe ni kushoto, mwekundu ni kulia. Panya alikula vigelegele, akabakiza mnong'ono.

Na hapo jasho likanitoka kweli, maana kosa halikuwa la VCD. Fomati zote nne zimetoka kwenye uhariri mmoja. Jogoo yuko Tanga, yuko Muscat, yuko Toronto.

Habari ilinitangulia. Shangazi alipoambiwa alichomoa waya mweupe kwenye deki yake kwa mkono wake mwenyewe, akatazama dakika zote 125, akanipigia kunijulisha kuwa kwenye dakika ya 71 kuna jambo jingine ambalo hata Bibi lilimpita: "Blenda ya shangazi ni ya volti 120. Tukiichomeka hapa inalipuka kabla ya fungate." Kaka wa Muscat yeye anatumia HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, hana cha kuchomoa. Alivaa vipokea sauti, akaliziba sikio la kushoto.

Nilirudi studio, nikaweka chaneli zote katikati, nikaizima ya kola penye minong'ono. Kurekebisha kulichukua nusu saa. Kurenda na kuchoma upya aina zote nne kulikula siku mbili. Hakuna aliyekubali kurudisha nakala za mwanzo. Mmoja aliniomba tano za ziada.

Nusu ya malipo iliyobaki ililetwa na kondakta wa basi la Pangani Jumanne iliyofuata. Ilikuwa imefungwa miguu kwa kamba ya katani, na ilikuwa hai, yenye upanga uliochakaa na jicho moja la dharau. Pamoja nayo salamu za Bibi: fundi amchinje, amle, kisha aje aseme kama ni mgumu.

Ni mgumu.