Nilivyotekwa na Meza Yangu Mwenyewe

Haya, tulieni. Najua wengi wenu mmeshaisikia, maana kuna rafiki yangu mmoja, ambaye kuanzia leo namwita Shahidi, amerekodi sauti ya dakika 4 akaitawanya kote, na katika hizo dakika 4, mbili nzima ni kicheko. Anasema niliburutwa na meza. Anasema nilipiga mayowe. Anasema meza ilikuwa na kasi ya gari.

Huo uongo wa mwisho ndio umenifanya niandike. Meza haikuwa na kasi. Ingekuwa na kasi, leo ningekuwa majeruhi, na majeruhi huonewa huruma. Ile meza ilinichukua kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni wake, taratibu, haina haraka na mtu, na bado nilishindwa kujinasua.

Ni ile meza ya ufundi ya magurudumu. Ndiyo, ileile niliyowachosha nayo wiki 3. Mbao juu, droo chini, unaisukuma unakotaka kufanyia kazi. Niliisumbukia mpaka nikawa naizungumzia usingizini, usiku mmoja mke wangu aliniamsha, sura imembadilika, akaniuliza, “Golori ndiye nani?” Nikamweleza kuwa golori ni vile vidude vya chuma vinavyofanya droo iteleze kwenye reli yake. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha picha.

Na niseme ukweli, kwenye droo sikukosea. Droo 12, kila moja inabeba kilo 45, zote zinatoka mpaka mwisho ili usilazimike kupapasa nyuma kutafuta biti ya drili kama mtu anayetafuta pete mtoni. Uso wa mbao ngumu, unene milimita 38, unapiga nyundo haulalamiki. Bati ndiyo nilijichanganya kidogo. Niliona geji, yaani namba ya unene wa bati, 18 na 22, nikachagua 22 kwa sababu 22 ni kubwa. Msicheke. Kumbe namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 18 ina kama milimita 1.2, na ya kwangu ukiibonyeza kwa kidole inakujibu.

Kimo nacho nilikipima kama inavyotakiwa: simama wima, mikono ining’inie, uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Nikapata kipimo changu, nikatafuta meza ya kimo hicho, nikaipata. Nilichosahau ni kwamba kimo kilichoandikwa ni cha meza bila magurudumu. Gurudumu la milimita 125 pamoja na chuma kinacholishika linakuongezea sentimita 15 hivi. Kwa hiyo meza ilipofika na kusimama kwa miguu yake, ile jiliwa niliyoifunga juu yake, kile kibanio cha chuma cha kushikilia kazi, ikawa inanitazama kifuani. Hili la kifua mliweke akilini.

Magurudumu yenyewe? Niliyapitia kama watu wanavyopitia masharti ya mkataba. Manne. Mawili yanageuka kila upande na yana breki, yako upande wa mpini. Mawili ya upande wa pili hayageuki na hayana breki. Nikajiambia, breki mbili zinatosha, mbona baiskeli nayo ina mbili. Halafu nikaona “kilo 450” imeandikwa kwa herufi nene, nikafurahi, sikuona maneno madogo chini yake yanayosema meza ikiwa imesimama. Ikitembea, namba ni nyingine kabisa.

Basi nikaipanga. Safu ya droo iko upande wa kushoto, nikajaza nyundo zote, tindo, spana, minyororo, na sanduku zima la misumari. Jiliwa ya kilo 15 nikaifunga ukingoni kabisa, kushoto hukohuko, maana ndiko kunakoingia mwanga wa mlango wa gereji. Upande wa kulia, upande wenye breki, niliweka msasa na redio. Mliosoma fizikia mmeshaanza kushika vichwa. Nyamazeni kwanza.

Jumamosi Shahidi akaja kuiona. Mimi nimevaa aproni mpya, nimefunga kamba nyuma fundo mara tatu ili nionekane mtu wa kazi. Nikabonyeza breki zote mbili kwa mguu, ka, ka, nikamwambia, “Kaka, hii haisogei hata uilete trekta.” Nikaitikisa. Haikusogea. Nikafungua kufuli la droo, ile funguo moja inayozibana zote kwa pamoja, nikaanza kumfungulia moja moja. Ya kwanza bisibisi. Ya pili koleo. Ya tatu tupa, zile za kukwangulia chuma. Nilipofika ya saba nikasema, “Zilizobaki ni vyuma vyuma tu,” nikazirudisha ndani zile nilizofungua. Ya nane tutairudia.

Nikataka amalizie kwa kuona jiliwa ikifanya kazi. Nikachukua kipande cha chuma, nikasimama kichwani mwa meza, mgongo mlangoni, nikakiweka kwenye meno ya jiliwa, nikakaza. Kwa kuwa meza iko juu kuliko nilivyopanga, nililazimika kuilalia kidogo ili nione vizuri. Nikakaza tena, kwa mbwembwe, mpaka mkono wa jiliwa ukalia. Nikachukua tupa. Nikaegemeza uzito wangu wote pale ukingoni, nikasukuma mara ya kwanza. Nikasukuma mara ya pili.

Mara ya tatu, gereji ikaanza kurudi nyuma.

Naomba mnielewe, hivyo ndivyo nilivyoona. Sikuona meza ikija. Niliona ukuta wa mbele yangu, wenye misumeno niliyoitundika, unaniaga. Nikawaza, kizunguzungu. Nikawaza nikae chini. Nikajaribu kukaa chini, na hapo ndipo nilipogundua kuwa siwezi, kwa sababu aproni yangu, palepale kifuani, ilikuwa ndani ya meno ya jiliwa pamoja na kile kipande cha chuma. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kwa mkono wangu, na nilikuwa nimekaza vizuri.

Breki zilikuwa zimeshika. Hili Shahidi halisemi kwenye sauti yake, nami nalisema kwa kiapo. Breki ziliyashika magurudumu sawasawa. Ila magurudumu hayakuwa yameishika sakafu. Uzito wote ulikuwa upande wangu: jiliwa, nyundo, na mimi mwenyewe nimeegemea. Upande wa breki ulikuwa umewekewa msasa na redio, umegusa chini kwa adabu tu, na chini kwenyewe kuna unga wa mbao wa wiki nzima. Yale magurudumu mawili yaliyofungwa yakawa yanateleza nyuma kama mtoto anayeburutwa kwenda kuoga, na yale mawili yasiyo na breki yanakuja mbele kwa raha zao. Nayo sakafu ya gereji, kwa wasiojua, huwa haijalala sawa. Hujengwa na mwinamo kidogo kuelekea mlangoni, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili maji yatoke. Maji na meza.

Nikaisukuma irudi. Sasa mtu anayesukuma mzigo kwa miguu iliyo juu ya unga wa mbao, mnajua anakwenda wapi. Nilikuwa napiga hatua za mbele huku naenda nyuma.

Nikasema, tulia, fungua jiliwa. Kulia hukaza, kushoto hulegeza, mtoto wa darasa la pili anajua. Nikashika ule mkono wa jiliwa, nikauzungusha kwa nguvu za Mungu alizonijalia. Kulia. Nikasikia kitambaa kinalia, na kidevu changu kikasogea karibu zaidi na chuma. Nikapeleka mikono nyuma kufungua kamba. Fundo mara tatu, ndugu zangu. Fundo la mtu wa kazi.

Shahidi wakati huo alikuwa wapi? Pembeni yangu. Anatembea. Mkono mmoja mfukoni, ananitazama, halafu ananiuliza kwa upole kabisa, “Sasa unaipeleka wapi?”

Alidhani ni sehemu ya maonyesho.

Tukafika kizingitini. Pale sakafu inapoishia na mteremko wa nje kuanza, pana kijiukingo cha saruji, kimo cha kidole. Magurudumu ya mbele yakashuka, du! Meza ikainama upande wangu, na droo zote 12, ambazo nilikuwa nimezifungua kufuli mwenyewe na funguo nikaitundika ukutani ili isipotee, zikatoka kwa pamoja. Siyo kwa fujo. Zilitoka kwa ulaini ule niliousifu wiki 3. Golori zilifanya kazi yake. Zikatandazika ubavuni kama bawa, tukaendelea na safari, mimi, meza na bawa letu moja, tukidondosha spana njiani.

Hapo ndipo nilipopita mbele ya jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, amesimama ukutani kwake anamwagilia maua. Na mimi, nisamehe ulimi wangu, malezi ni malezi. Kinyumenyume, kifua kimebanwa, nyundo inaanguka nyuma ya nyundo, nikasikia sauti yangu ikisema, “Shikamoo mama.”

Akasema, “Marahaba mwanangu. Mnahama?”

Sikujibu. Tulikuwa tumeshapita. (Hapa ndipo Shahidi anaposema nilipiga mayowe. Sikupiga. Nilimwita mke wangu kwa jina lake, kwa sauti, mara kadhaa.)

Pipa la taka ndilo lililotusimamisha, pale getini. Nililifikia kwa makalio, nikakaa ndani yake nusu, meza ikasogea ikanisimamia kifuani kama daktari, ikatulia. Redio juu ya meza, kule upande wa breki, haikuwa imesogea hata kidogo. Ilikuwa inaendelea kusoma habari.

Yaliyofuata hayana maana. Mke wangu alikuja na mkasi, akaikata aproni, hakuuliza neno, na huko kutouliza ndiko kunakoniuma mpaka leo. Hakuna aliyeumia. Bati la ubavu limebonyea, geji 22 hiyo. Nimebadilisha magurudumu yote manne, sasa kila moja lina breki inayofunga gurudumu na pia kuzuia shingo yake isizunguke, na ni ya mpira mgumu, siyo ile plastiki ya kuteleza. Uwezo wake nimeupiga hesabu kwa magurudumu matatu badala ya manne, maana sakafu ikiwa na mabonde daima kuna moja linakaa hewani halifanyi kazi, linatazama wenzake tu. Vizito vimeshuka droo za chini na vimegawanywa pande zote mbili. Jiliwa imehamia juu ya mguu wa meza, upande wa mpini. Meza nimeilaza kukingama na mwinamo, na ina kabari ya mbao chini yake. Unga wa mbao unafagiwa. Mmeridhika?

Sasa droo ya nane. Nilitaka niishie hapo juu, lakini najua Shahidi atasema.

Mwaka jana aliniuliza kama pimamaji lake liko kwangu. Lile refu, la njano, la mita nzima, lenye kipovu cha kukuonyesha kama kitu kimelala sawa. Nikamwambia sijawahi kuliona. Akauliza tena baada ya mwezi, nikamwambia kaka, labda umemwazima mtu mwingine ukasahau, nikamtajia na majina ya watu wa kuwaulizia. Aliwaulizia. Na mmoja hawazungumzi naye hadi leo.

Pale getini, mimi bado nimo ndani ya pipa, Shahidi alianza kuniokotea vyuma, kwa wema kabisa. Spana, koleo, spana. Akafika kwenye droo ya nane. Ilikuwa wazi mpaka mwisho, ili uone kilichojificha nyuma. Akasimama. Akakitoa, akakifuta vumbi kwa shati lake, akasoma herufi za jina lake alizozichonga mwenyewe kwa msumari. Hakusema kitu. Alinipita mimi na pipa langu, akapanda mteremko mpaka ndani ya gereji, akaliweka lile pimamaji juu ya sakafu, katikati, pale meza ilipokuwa imesimama. Akainama, akakodoa macho. Kile kipovu kilikimbia mpaka mwisho wa kichupa upande wa ndani, kikakaa huko.

Akaniita kutoka kule juu, “Bwana we, ungelitumia hata mara moja.”

Kisha akatoa simu.