Suti Kavu ya Kuzamia: Zipu Ikae Mgongoni au Kifuani?

Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa, na ndiyo maana anayezamia kwenye maji baridi huvaa suti kavu: vazi la mwili mzima, lililobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, lenye zipu moja kubwa isiyopitisha maji. Vali za kuingiza na kutoa hewa kwenye suti hubadilishwa, buti hubadilishwa, raba ya shingo ikichanika huwekwa nyingine. Mahali pa zipu hapabadiliki. Ukinunua umenunua, na ubishi wa mgongoni au kifuani ni bora uishe kabla hujatoa pesa.

Zipu ya mgongoni hukata mlalo, bega hadi bega. Ya kifuani hushuka mshazari, kwa kawaida kutoka bega la kushoto hadi karibu na nyonga ya kulia. Wanaoitetea ya kifuani huanza na hoja ileile: unajivalia mwenyewe. Ni kweli, ila hoja hiyo hukuzwa kupita kiasi. Wengi wetu tunazamia na mwenzetu, na kumgeuzia mgongo akuvutie zipu hakuchukui hata nusu dakika. Kama huna wa kukufungia zipu, swali kubwa zaidi ni nani atakayekusaidia huko chini.

Adha yenyewe hujitokeza kati ya mbizi moja na nyingine. Umepanda chomboni, jua linawaka, ndani umevaa nguo nene za kuhifadhi joto na jasho limeanza kukutoka. Mwenye zipu ya kifuani anaifungua na kupumua. Akibanwa na haja, anavua nusu mwili na kujisaidia. Mwenye zipu ya mgongoni anamtafuta mtu, na huyo mtu pengine bado anahangaika na mtungi wake wa hewa. Mara moja si neno. Siku nzima ya namna hiyo inachosha.

Lakini hoja ninayoipa uzito kuliko zote ni ya macho. Suti kavu haihitaji tundu kubwa ili ivuje. Kitelezi, yaani kile kipande unachokivuta kufunga zipu, kikiishia sentimita moja kabla ya mwisho, au uzi wa nguo ya ndani ukinaswa kwenye meno, maji yatapita, na kwenye maji baridi mbizi imekwisha hapo. Zipu ya kifuani huishia pale unapoweza kuinamisha kichwa ukaona, ukavuta tena, ukapapasa kwa kidole. Ya mgongoni unategemea neno moja la mwenzako: "Tayari." Amelisema akiwa amevaa glavu, mawazo yake yakiwa kwenye vifaa vyake. Ukiwa na suti ya aina hii, mwambie asiishie kuvuta tu. Aangalie mwisho wa zipu kwa macho na akivute kitelezi mara ya pili.

Hata hivyo, zipu ya mgongoni haipewi heshima inayostahili. Suti yake ni nyepesi kueleweka na kwa kawaida ni ya bei nafuu, kwa kuwa zipu ni fupi na ushonaji hauna mizunguko mingi. Kifua kinabaki wazi, bila kitu kigumu chini ya mikanda na vali ya kujaza hewa. Suti nyingi za kifuani za kitambaa chembamba cha tabaka hurefushwa kiwiliwili ili kichwa na mabega vipite, kisha kitambaa kilichozidi hukunjwa kiunoni na kushikwa kwa mkanda unaopita kati ya miguu. Urefu huo wa ziada unasaidia sana unapoinama au kunyoosha mikono. Mkanda ukilegea, mkunjo huo unapanda na suti inajaa mikunjo ya ovyo. Kwa suti ya neoprini (raba yenye povu) nene, ambayo haikunjiki kirahisi, zipu ya mgongoni bado ina mantiki yake.

Suala la mabega linagawanya watu kwa haki. Anayebeba mitungi miwili mgongoni lazima aweze kufikisha mkono nyuma ya shingo na kufunga vali za mitungi, maana hewa ikianza kutoka kwa kasi ndicho kitu cha kwanza atakachofanya. Zipu ya shaba iliyokatiza mabegani huupinga mkono huo, hasa kwa mtu ambaye bega lake tayari ni gumu. Zipu za plastiki ni laini zaidi na zimepunguza tatizo, ila hazijalimaliza. Kwa mzamiaji wa aina hii sioni sababu ya kusitasita: achukue ya kifuani.

Shule za uzamiaji ziko upande wa pili. Suti zao huvaliwa na watu wa kila umbo, mwalimu yupo kufunga zipu, na bei ya chini ina maana. Pale ya mgongoni inatosha kabisa. Kwa anayejinunulia ya kwake na kuzamia mara kwa mara, naona nyongeza ya bei ya zipu ya kifuani inajilipa, akijua tu kwamba siku ya kuibadilisha, zipu ndefu itamgharimu zaidi ya fupi.

Kabla ya kulipa, ivae juu ya nguo nene utakazozamia nazo, siyo juu ya fulana. Nyoosha mikono yote miwili ushike nyuma ya shingo. Chuchumaa. Kisha keti kwenye kiti kifupi na uitazame zipu ya kifuani: kama ni ya shaba na inajikunja kwa pembe kali tumboni, jaribu saizi nyingine au chagua ya plastiki, kwa sababu zipu ya shaba ikikunjwa vibaya mara kwa mara huvunjika meno, na nta ya kulainishia zipu hairekebishi hilo.